Kubadili Ahadi

Mtu asiyeweza kubadili neno lake hata kwa sababu njema hufanana na jiwe, na mtu abadiliye neno lake kila uvumapo upepo hufanana na unyasi. Baina ya jiwe na unyasi ndipo mahali pa uadilifu, na mahali hapo ni pembamba. Wazee walisema ahadi ni deni. Lakini hawakusema kuwa deni haliwezi kuahirishwa kwa mapatano ya mdai na mdaiwa. Walichokataa ni mdaiwa kuliahirisha deni peke yake, kwa siri, kisha kumpa mdai habari baada ya siku ya malipo kupita. Katika maisha ya mtu mmoja jambo hili ni la heshima na aibu. Katika maisha ya serikali ni jambo la sheria, na mahali linapoonekana waziwazi ni katika bajeti, hasa siku ile bajeti iliyokwisha kupitishwa irudishwapo barazani ili ibadilishwe.

Bajeti hudhaniwa na watu wengi kuwa ni daftari. Mali bila daftari, yasemwa, hupotea bila habari, na msemo huo ni kweli. Lakini daftari huandika kilichokwisha kutoka mkononi, na bajeti huandika kitakachotoka. Daftari ni shahidi wa jana. Bajeti ni ahadi ya kesho. Ndani yake serikali huwaambia watu waliolipa kodi: fedha hizi zitanunua dawa, na hizi zitachimba kisima, na hizi zitalipa mishahara ya walimu wa watoto wadogo. Ahadi hiyo ikiisha kupitishwa na baraza la wawakilishi huwa sheria, na serikali iliyoitoa hufungwa nayo kama vile mwananchi afungwavyo na sheria ya barabarani au ya sokoni. Swali la maadili huanzia hapo. Ikiwa serikali imefungwa na sheria yake, je, ina haki gani ya kuifungua? Na ikiwa yaweza kuifungua itakapo, je, ilikuwa imefungwa kweli?

Swali hili laweza kutazamwa katika nchi yo yote yenye serikali za majimbo au wilaya, lakini Kenya yatoa mfano ulio karibu. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilizigawa kazi za dola baina ya serikali ya taifa na serikali za kaunti 47, na kaunti hizo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kila kaunti ina gavana na bunge lake dogo, na wawakilishi wa wadi hukaa humo kwa niaba ya watu wa vijiji na mitaa. Afya, kilimo, barabara za ndani, maji, masoko na elimu ya watoto wasiofika shule ya msingi ziliwekwa chini ya mikono ya kaunti. Maana ya ugatuzi ilikuwa kwamba mtu wa Turkana au wa Kwale asingoje tena uamuzi wa ofisi ya Nairobi ili apate zahanati. Uamuzi ungefanywa karibu naye, na watu awajuao kwa sura, ambao angeweza kuwauliza.

Ili uamuzi huo usifanywe kwa pupa, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 iliuwekea kalenda. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa fedha hufika kabla ya tarehe 28 Februari. Makadirio ya mapato na matumizi huwasilishwa kabla ya tarehe 30 Aprili. Na sheria ya matumizi yapaswa kuwa tayari kabla Juni haijaisha, maana tarehe 1 Julai mwaka wa fedha huanza. Karibu miezi kumi hutumika katika kuandaa ahadi ya miezi kumi na miwili. Katikati ya njia hiyo wananchi huitwa katika mikutano watoe maoni yao, kwa kuwa Katiba imeutaja uwazi na ushirikishaji wa umma kuwa ni msingi wa mambo yote ya fedha. Tena, hata baada ya sheria kupita, hakuna shilingi itokayo katika mfuko wa mapato wa kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ambaye ofisi yake ni huru. Kwa ufupi, ahadi hii imezungushiwa ua mrefu, nao una mlango mmoja.

Mlango huo ni bajeti ya ziada, na haifai kuulaumu kwa kuwapo kwake. Ua usio na mlango huwa gereza. Mwanadamu hupanga kwa macho ya leo, na siku zijazo hazikumwahidi kitu. Mito hufurika na kubomoa madaraja ambayo hakuna aliyefikiri kuyajenga upya. Mvua hukosekana na mifugo ikafa. Maradhi huingia, kama yale ya mwaka 2020 yaliyofunga masoko na kujaza wodi kwa wakati mmoja, yakipunguza mapato na kuongeza matumizi kwa pigo moja. Kaunti ambayo ingesimama mbele ya maradhi hayo na kusema kuwa fedha zake zimekwisha kupangiwa taa za barabarani ingekuwa imeitii sheria na kuwasahau watu ambao sheria ilitungwa kwa ajili yao.

Wala si misiba peke yake. Kaunti hutegemea sana mgawo utokao katika hazina ya taifa, na mgawo huo waweza kupunguzwa baada ya bajeti ya kaunti kupitishwa. Mwezi wa Juni 2024, baada ya maandamano makubwa ya vijana, Mswada wa Fedha wa serikali ya taifa ulikataliwa na Rais, na mapato yaliyotarajiwa kutokana nao yakatoweka. Mgawo wa kaunti kwa mwaka ule ulikuwa umekwisha kuwekwa na sheria kuwa shilingi bilioni 400.1. Wabunge na maseneta walivutana kwa miezi mingi, na mwisho wa mwaka mgawo ukateremshwa kuwa shilingi bilioni 387.4. Kufikia wakati huo kaunti zilikuwa zimetembea karibu nusu ya safari kwa masurufu yaliyohesabiwa kwa kipimo kingine. Kwa msiba kama huo kaunti haina hatia. Kilichobaki mikononi mwake ni kuchagua nani atakayepungukiwa, na uchaguzi huo ndio uliofanya suala la hesabu kuwa suala la insafu.

Sheria haikuuacha mlango huu wazi kabisa. Kifungu cha 135 cha sheria ya mwaka 2012 chairuhusu kaunti kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa ikiwa kiasi kilichotengwa kwa jambo fulani hakikutosha, au ikiwa haja imezuka ambayo haikutengewa kitu. Serikali ya kaunti hulazimika kupeleka bajeti ya ziada katika bunge lake na kueleza jinsi matumizi hayo yapatanavyo na kanuni za uangalifu wa fedha. Idhini ya bunge sharti iombwe katika muda wa miezi miwili tangu fedha zilipoanza kutolewa. Na bunge likiwa halikai, muda huwa siku 14 baada ya kukutana tena. Matumizi ya namna hii kwa mwaka mzima hayapaswi kuzidi asilimia 10 ya fedha zote zilizoidhinishwa, isipokuwa bunge limekubali zaidi kwa sababu maalumu. Ndani ya idara nako kuna kizuizi: afisa mhasibu aweza kuhamisha fedha kutoka mradi mmoja hadi mwingine kwa mpaka wa asilimia 10, lakini hawezi kuchukua fedha za ujenzi akazitia katika matumizi ya kila siku.

Msomaji aliyefuatana na maneno haya kwa makini ameona neno moja gumu. Idhini huombwa katika miezi miwili tangu fedha zilipoanza kutolewa. Yaani sheria yenyewe yakubali kwamba mkono waweza kutangulia na ruhusa ikafuata. Hoja ya kuitetea kanuni hii ni nyepesi kueleweka. Nyumba iwakapo moto haitishwi mikutano ya kujadili bei ya maji. Mgonjwa wa kipindupindu hawezi kungoja spika aitishe kikao. Utu wenyewe wadai kwamba msaada utangulie na karatasi zifuate, na sheria iliyokataa jambo hili ingekuwa sheria ya mawe.

Lakini hoja ya upande wa pili nayo ina uzito. Ruhusa ni nini? Ni uwezo wa kusema ndiyo penye uwezo wa kusema la. Mwakilishi wa wadi aombwaye kuidhinisha fedha zilizokwisha kutumika anao uwezo gani wa kusema la? Daraja limekwisha kujengwa, au mafuta ya magari yamekwisha kuungua. Akikataa, fedha hazirudi. Kinachorudi ni ugomvi, na huenda mshahara wa mtu asiye na kosa ukacheleweshwa. Basi hukubali, na kukubali kwake huandikwa katika kumbukumbu za bunge kuwa ni idhini, ingawa mbele ya dhamiri ni kujisalimisha. Tofauti iliyopo kati ya mambo haya mawili haiwezi kusomwa katika hesabu. Tarakimu ni zile zile. Huonekana katika wakati tu: je, neno lilitangulia tendo au lilifuata?

Kwa hiyo ruhusa ya kutangulia ni halali kwa moto na haramu kwa tamaa, na kazi ngumu ni kuutambua moto. Kila atakaye kuruka ua hupiga kelele kuwa nyumba yaungua. Alama moja yaweza kusaidia. Dharura ya kweli haikujulikana wakati bajeti ilipopitishwa. Gharama iliyojulikana mwezi wa Juni, ikaachwa makusudi, kisha ikaletwa mwezi wa Oktoba kwa jina la dharura, si dharura; ni hila iliyongojewa iive. Vivyo hivyo mapato yaliyokisiwa kwa kiwango ambacho kaunti haijakifikia mwaka wo wote, kisha yakapungua kama kila mtu alivyotazamia, hayakupungua kwa bahati mbaya. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimelitaja mara nyingi kosa hili la makisio makubwa na makusanyo madogo, na kuhusu madeni ya makandarasi yanayolimbikizwa kwa sababu yake. Bajeti ya namna hiyo ilikuwa na uongo tangu siku ya kwanza, na kuibadili baadaye ni kuungama kulikochelewa.

Yafaa sasa kumfikiri mtu aliye upande wa pili wa karatasi, maana fedha haziongezwi mahali bila kupunguzwa mahali pengine. Pawe na kijiji kilicho mbali na barabara kuu, ambacho bajeti ya mwaka imekitengea fedha za kumalizia zahanati. Kuta zimesimama, paa halijaezekwa. Wanawake wa kijiji walihudhuria mkutano wa maoni, wakatembea kwa miguu kwenda na kurudi, wakasema haja yao, na haja yao ikaandikwa na kuwa sheria. Mwezi wa Machi bajeti ya ziada yapitishwa, na katika jedwali lenye kurasa nyingi mstari wa zahanati ile umepunguzwa hadi sifuri, na fedha zake zimekwenda katika ununuzi wa magari au safari, au hata katika jambo jema kama dawa za hospitali kuu. Hakuna aliyerudi kijijini kuwaambia. Wao wangoja mafundi. Mwezi wa Aprili wangoja. Mwezi wa Mei wangoja. Mwezi wa Juni mwaka wafunga daftari lake, na wao bado wadhani kwamba sheria ingali upande wao.

Wanawake hao wamepoteza nini? Wamepoteza paa, na hasara hiyo yaweza kulipwa mwaka ujao. Lakini wamepoteza pia jambo lisilolipika kwa urahisi: imani kwamba neno lililosemwa mkutanoni lina nguvu. Mwaka mwingine wakiitwa tena kutoa maoni hawatakwenda, na watawala watasema kuwa watu wa huko ni wavivu wa mambo ya umma. Hivyo ndivyo ahadi moja iliyobadilishwa kimya inavyoweza kuua ahadi kumi zisizotolewa bado. Tena, mzigo huu huangukia aghalabu miradi ya ujenzi kuliko mishahara, kwa kuwa mshahara una mwenyewe wa kupiga kelele kila mwisho wa mwezi, na paa lisiloezekwa halina kinywa. Sheria yadai kwamba kwa kipindi cha miaka kadhaa si chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende katika maendeleo. Lakini kutenga asilimia hiyo mwezi wa Juni na kuimega mwezi wa Machi ni kuiheshimu sheria kwa ulimi tu.

Hapa yazuka swali ambalo ndilo kiini cha jambo lote. Ikiwa wananchi wana haki ya kusikilizwa ahadi inapotungwa, je, wana haki ile ile ahadi inapotanguliwa? Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, iliyoweka kodi na ada, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo katika kutungwa kwake. Hukumu hiyo ilihusu sheria mpya ya mapato. Lakini fikira iliyomo ndani yake haina sababu ya kukomea hapo. Haki iwezayo kuondolewa kwa njia fupi haikupatikana kwa njia ndefu. Haina maana kuwaita watu kwa ngoma siku ya kuwapa na kuwakwepa kwa unyayo siku ya kuwanyang'anya. Na kama ingelazimu kuchagua siku moja tu ya kuwasikiliza, siku ya kunyang'anya ndiyo yenye haja zaidi.

Yamkini afisa wa hazina ya kaunti atajibu kuwa mikutano hugharimu fedha, na kuwa wakati wa bajeti ya ziada huwa mfupi. Jibu lake lina ukweli. Hata hivyo hakuna aliyedai kwamba kalenda ya miezi kumi irudiwe. Kinachodaiwa ni kidogo kuliko hapo: mwenye kupungukiwa aambiwe kabla, aelezwe sababu kwa lugha aijuayo, na apewe nafasi ya kujibu angalau mara moja. Ujumbe wa chifu, tangazo la redio, barua kwa kamati ya zahanati, kikao kimoja katika wadi iguswayo: gharama ya mambo haya ni ndogo mbele ya gharama ya watu wasioamini tena.

Hekima ya jambo hili yaweza pia kuazimwa kwa jirani wa mbali. Scotland nayo ina serikali ya ugatuzi ndani ya Uingereza, na bunge lake lilianza mwaka 1999. Huko sheria ya bajeti hupitishwa kila mwaka kabla ya mwaka wa fedha kuanza mwezi wa Aprili, kisha kwa kawaida hubadilishwa mara mbili, wakati wa majira ya kupukutika majani na karibu na majira ya kuchipua. Mabadiliko huletwa kwa kanuni zinazowekwa mbele ya bunge pamoja na maelezo ya kila kilichoongezwa na kila kilichopunguzwa. Kamati ya fedha humhoji waziri, na bunge hukubali yote au hukataa yote. Utaratibu huo nao una upungufu wake, maana mabadiliko ya pili hufika mwaka ukiwa ukingoni, na mjumbe hawezi kurekebisha mstari mmoja tu. Lakini una fadhila moja kubwa, nayo ni kwamba majira ya kubadili hujulikana. Mtu atakaye kulinda fedha za kijiji chake ajua ni lini akae macho. Mlango ufunguliwao kwa saa inayojulikana huwekewa mlinzi. Mlango ufunguliwao saa yo yote huingiza mwizi na mwenyeji kwa pamoja.

Kutokana na haya yote, uadilifu katika kubadili bajeti waweza kupimwa kwa maswali matatu. La kwanza ni la sababu: je, jambo lililoleta badiliko halikuweza kujulikana wakati wa ahadi, au lilifichwa? La pili ni la wakati: je, neno lilitangulia fedha, na kama halikutangulia, je, palikuwa na moto wa kweli? La tatu ni la uso: je, aliyepoteza aliambiwa ana kwa ana na yule aliyemwahidi? Bajeti ya ziada iliyoshinda maswali haya imeitimiza ahadi ya kwanza kwa njia nyingine, kwa kuwa chini ya kila ahadi ya kisima na zahanati kuna ahadi moja kubwa zaidi, nayo ni kwamba fedha za watu zitatumika kwa akili kwa ajili ya watu. Bajeti ya ziada iliyoshindwa maswali haya, hata ikiwa na saini zote na mihuri yote, imetii sheria na kuvunja neno.

Sheria yaweza kulazimisha mambo mawili ya kwanza kwa tarehe na asilimia. Jambo la tatu hailiwezi. Hakuna kifungu kiwezacho kumfanya gavana au mwakilishi wa wadi apande njia ya vumbi hadi penye kuta zisizo na paa, akasimama mbele ya wanawake waliomwamini, akasema: fedha zenu zimekwenda mahali hapa, kwa sababu hii, na zitarudi siku ile. Safari hiyo ni fupi kuliko safari nyingi zinazolipiwa na kaunti, lakini ni nzito, kwa kuwa msafiri hubeba neno lake mwenyewe mgongoni. Aendaye hurudi amepunguza fedha za kijiji na kuhifadhi imani yake. Asiyekwenda ameweka akiba ya aibu ya siku moja, na deni lake linakua nyuma yake bila kuandikwa katika bajeti yo yote.